Mpima Migongo na Neno Lake

Mtu anayekusalimia huku macho yake yako mgongoni kwako, utamwamini vipi? Swali hilo tulikaa nalo misimu mitatu pale mashineni Ifakara, na mimi nikalibeba miaka mingine minne baada ya yeye kuondoka. Jina lake nalijua, ila hapa silitaji. Tulimwita Mpima Migongo, naye aliitika, tena kwa furaha, kana kwamba ni cheo alichopewa na serikali.

Ilikuwa mashine ya kukoboa mpunga, miaka ya tisini. Wakati wa mavuno mpunga uliingia kwa trekta, kwa mikokoteni, kwa baiskeli, kutoka Michenga na vijiji vingine vya bondeni. Wabebaji waliupakua, mashine ikaunguruma, mchele ukatoka, nasi wanawake tukashona midomo ya magunia kwa sindano ndefu na uzi wa katani. Kisha wabebaji wakayainua tena, wakayapanga ghalani au wakayapandisha kwenye malori. Mimi nilikuwa mdogo kuliko washonaji wote, nimeishia darasa la saba, kichwa kimejaa ndoto kama gunia la lumbesa lililojazwa mpaka likavishwa kilemba. Leo niliota kuimba redioni, kesho niliota kupanda treni hadi reli inapoishia nikaone huko wanakula nini. Kaka yangu Deo, kiongozi wa wabebaji, ndiye aliyenitafutia ile kazi. Tuliishi wawili, chumba kimoja na kibaraza, na tulikula kwa mabega yake zaidi ya sindano yangu.

Mpima Migongo aliletwa na mwenye mashine kutoka Morogoro mjini. Siku ya kwanza alipanda juu ya kreti la soda akatueleza kazi yake. Amekuja, alisema, kutazama tunavyoinama, tunavyobeba na tunavyokaa, ili ajue nani ataumia kabla hajaumia. Wabebaji walimsikiliza mpaka mwisho, wakampigia makofi, kisha wakarudi kwenye magunia wakiulizana chini chini. Kaka Deo ndiye aliyelisema kwa sauti.

"Tangu lini tajiri akanunua huruma? Huyu kaletwa kututafutia kasoro."

Basi tukaanza kumtazama anavyotutazama.

Vifaa vyake vilikuwa vitatu: kaunta buku lenye jalada gumu, kipima pembe cha plastiki cha watoto wa shule, na timazi la fundi mwashi, ile kamba yenye kipande cha chuma chini. Alisimama mlangoni mwa ghala, akafumba jicho moja, akaining'iniza kamba mbele ya uso wake, akalinganisha unyoofu wake na mgongo wako uliopinda. Kisha akachora. Hakuchora watu, alichora vijiti: duara la kichwa, kijiti cha mgongo, vijiti vya mikono na miguu, na kando yake namba. Siku moja alilisahau lile buku kwenye benchi, tukalifungua. Mama Anjela, mshonaji mwenzangu, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake, alijitambua mara moja.

"Huyu mimi," akasema. "Mwone alivyonichora, kama konokono aliyefiwa."

Tulicheka mpaka uzi ukatuponyoka. Lakini kicheko kilipokwisha, kila mmoja alijitafuta kimya kimya kwenye zile kurasa, na kila aliyejiona alinyooka kidogo pale aliposimama.

Tena alikuwa anahesabu. Midomo yake ilicheza kila mtu alipoinama, moja, mbili, tatu, mpaka kengele ya saa sita. Kwetu sisi mbuzi wanahesabiwa, magunia yanahesabiwa, lakini watu hawahesabiwi, maana wakihesabiwa wanapungua. Mbebaji mmoja alikataa kabisa kuinama akiwa mbele yake. Alipiga magoti kila gunia, kama yuko kanisani. Mpima Migongo akafurahi mno. "Huyo ndiye anayefanya sawasawa!" akapaza sauti. Yule mbebaji akadhani anatukanwa, akaenda zake nyuma ya rundo la pumba.

Salamu yake haikuwa ya watu wengine. Ukimwambia shikamoo, alijibu marahaba kama kawaida, halafu badala ya kukuuliza habari za nyumbani alikuuliza, "Na mgongo umeamkaje?" Mwanzoni tulidhani ni utani. Baadaye tukagundua kwamba jibu lako analiandika. Tangu hapo migongo yote ya mashineni iliamka salama, haijapata kuonekana migongo yenye afya namna ile bonde zima la Kilombero.

Alikuwa na misemo. "Mgongo hauna spea." "Mzigo ulio karibu na tumbo ni ndugu, ulio mbali na tumbo ni mkwe." Lumbesa aliichukia kama watu wanavyochukia chawa, akiona gunia lenye kilemba alilizunguka mara mbili akilisemesha: "Nani kakuvisha hivi, wewe? Unakwenda harusini?" Baiskeli yake ilikuwa na kiti kilichopandishwa juu mpaka watoto wa mtaani walimwita Twiga, na ukimuuliza, alikueleza habari za magoti mpaka chakula chako kikapoa. Lakini mtu huyo huyo, akiketi kwenye meza yake pale jirani na mizani kuandika, alijikunja kama ndoano, pua yake nusura iguse karatasi. Mama Anjela hakuliacha lipite.

"Mzee, na wewe nani anakupima?"

"Mganga hajigangi, mama."

"Basi asitugange na sisi."

Alicheka, lakini hakunyooka.

Kulikuwa na siku ya Michenga. Jumamosi moja nilikwenda kumsaidia Mama Anjela kupandikiza mpunga shambani kwake. Tulikuwa wanawake saba ndani ya maji, tumeinama mstari mmoja, miche mkononi. Nilipoinua kichwa kufuta jasho nikaona kofia juu ya tuta, na chini ya kofia Mpima Migongo, jicho moja limefumbwa, kamba mkononi. Alikuwa ameendesha baiskeli njia nzima kuja kututazama siku ambayo hakuna aliyemtuma. Mama Anjela alimwona pia.

"Wewe baba! Unapima nini kwenye makalio ya watu?"

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akamrushia tope. Lilimpata kifuani. Hakulifuta.

"Napima miaka, mama," akajibu. "Miaka iliyobaki ya kuinuka bila kushika kiuno."

"Na yangu mingapi?"

Akafungua buku, akapekua, akalifunga. "Ukipumzika kila unapofika mwisho wa mstari, mingi."

Mama Anjela akamwambia aende akampumzishe mkewe. Lakini niliona kwamba alipofika mwisho wa mstari alisimama, mkono kiunoni, akatazama milima kitambo. Alipoona namtazama akasema anaangalia mvua. Hapakuwa na wingu.

Jioni tukirudi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Zita, mtu anakuja mpaka huku bila posho. Anatafuta nini?" Mtu mbaya tunajua anatafuta nini. Mwema asiye na sababu ndiye anayenyima watu usingizi.

Sasa nieleze habari ya jukwaa, maana hiyo ndiyo iliyotufanya tumwogope kweli. Mchele ulipotoka mashineni gunia lilijaziwa chini, sakafuni, na mbebaji alilazimika kulinyanyua kutoka kwenye vidole vyake vya miguu. Mpima Migongo alimleta seremala wakajenga jukwaa la mbao, kimo cha kiuno. Gunia likajaziwa juu yake, tukashona tukiwa tumesimama wima, na mbebaji akaja kutoa bega tu, kama anayekumbatiwa. Jamani, ile wiki ya kwanza! Shingo yangu ilikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi. Wabebaji walimnunulia soda.

Wiki ya pili nyapara akasimama mbele yetu. Kwa kuwa kazi sasa imekuwa rahisi, akasema, kila kundi litaongezewa magunia.

Kaka Deo aliweka chini gunia lake taratibu. "Mmeona? Punda hatandikwi vizuri kwa ajili ya mgongo wake. Anatandikwa ili abebe zaidi."

Mpima Migongo alikuwepo, akasikia. Akaingia ofisini kwa mwenye mashine akafunga mlango. Tulisikia sauti zikipanda, lakini mashine ilikuwa inaunguruma, hatukujua nani anamfokea nani. Alipotoka alikwenda kuketi juu ya magunia ya pumba peke yake. Magunia yaliyoongezwa hayakupunguzwa. Mpaka leo sijui alikwenda kututetea akashindwa, au alikwenda kupongezwa. Kila mtu alichagua lake, na wengi walichagua lile baya, kwa sababu lile baya ndilo lililokuwa juu ya mabega yao.

Kwangu mimi alikuwa mpole. Alinifundisha kukaza uzi kwa mkono wa kushoto ili wa kulia upumzike. Aliniuliza ndoto zangu, nami, mdomo wangu ukiwa hauna mlango, nikamwambia zote mpaka ile ya mwisho wa reli. Alisikiliza bila kucheka. Nilimpenda kama baba mdogo, na kila nilipogundua nampenda nilijionya. Kaka alikuwa akinionya pia. "Mdogo wangu, yule anakula maneno yako kidogo kidogo. Siku moja atatema moja tu, na litatuumiza."

Halafu likaja lile neno.

Ulikuwa msimu wa tatu. Kote nchini tulisikia viwanda na mashirika yanapunguza watu; hata redio ilipotaja neno kupunguza, watu walishika vichwa. Kwetu pia mwenye mashine alianza kupita na kalamu. Hapo Mpima Migongo, kwa nia ya kututuliza, akapanda tena juu ya kreti lake la soda.

"Ndugu zangu, msiwe na hofu na mimi," akasema. "Mimi kazi yangu ni kupunguza tu."

Ghala zima lilinyamaza. Hata njiwa walionyamaza nadhani walikuwa na ndugu zao kwenye orodha. Yeye hakuelewa. Alikuwa anazungumzia mizigo, uzito wa magunia, kuinama. Sisi tulisikia watu. Mama Anjela alipiga makofi mara moja, pa! "Angalau leo kasema mwenyewe," akasema. Mzee wa watu akabaki juu ya kreti, mikono hewani, akirudia, "Mizigo! Nasema mizigo!" Hakuna aliyemsikia. Watu walishatawanyika.

Kuanzia siku ile hakupima tena mgongo wa kweli hata mmoja. Akitokea tu mlangoni, wote tulikakamaa kama askari wa gwaride. Wenye maumivu walipiga mluzi. Aliyekuwa anachechemea alicheza. Mpima Migongo alishusha timazi lake, akatutazama kwa huzuni. "Mnaninyima ugonjwa," alisema, "halafu nitawapa dawa ya nini?"

Na aliyemnyima kuliko wote alikuwa kaka yangu.

Kaka Deo aliumia Jumatano moja, akipakia lori. Ubao wa kupandia ulikuwa umelowa, mguu ukateleza, gunia likakaa upande, na kitu kikalia ka! kiunoni mwake. Hakuanguka. Alimaliza safari, akashuka, akaweka mkono kiunoni kama anayejidai, wenzake wakamshangilia. Nyumbani ndipo nilipomwona. Alishindwa kuinama kuvua mabuti yake, yale aliyoyapata alipokuwa jeshini, kambi ya Chita. Nilimvua mimi. Kila asubuhi nilimkanda kwa kitambaa cha maji moto na chumvi, na kila asubuhi alinishika mkono.

"Usimwambie mtu."

"Sisemi, kaka."

"Sema Haki ya Mungu."

"Haki ya Mungu."

Nilimwelewa. Mwenye mgongo mbovu ndiye wa kwanza kupunguzwa. Akipunguzwa yeye, chumba kimekwenda, na mimi nimerudi kulima kwa watu.

Wiki iliyofuata Mpima Migongo alisimama karibu na jukwaa nikishona, akajifanya anakagua mbao.

"Binti, kaka yako akivaa viatu asubuhi, anakaa au anasimama?"

Swali gani hili? Swali dogo, laini, kama mtego wa panya uliopakwa mafuta. "Anasimama," nikasema.

"Ahaa." Akaandika. "Maana leo ni siku ya nne anakuja kamba hazijafungwa."

Alikwenda zake. Nilijichoma sindano kidole, damu ikatoka, nikaifuta kwenye gunia la watu. Nikasema moyoni, huyu si mpimaji, huyu ni mpelelezi.

Lakini Ijumaa kaka hakuamka. Namaanisha aliamka, macho wazi, ila kiuno kilikataa. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne alilia, na mimi sikuwa nimewahi kumwona kaka Deo akilia, hata mama alipofariki. Kisha nilimwinua, akajifunga kitenge changu kiunoni ndani ya shati, akaenda kazini. Akapanda ubao na gunia. Nilimtazama kutoka jukwaani, nikaona mguu mmoja unaburuzika, na nikaelewa kwamba nikitunza siri yake ataanguka, na akianguka na gunia lile hatainuka.

Saa sita nilikwenda kwenye ile meza ya jirani na mizani. Nilimwambia yote. Nilimwambia habari ya ubao, ya chumvi, ya kitenge. Nililia kwa kwikwi mpaka akanipa leso yake.

"Umefanya vyema, mwanangu," akasema. "Wako sita hali zao mbaya. Watano niliwapata kwa macho. Huyu ulikuwa umenificha. Nitaandika leo hii wapunguziwe. Deo akae kwenye mizani, asinyanyue kitu mpaka apone."

"Wapunguziwe?" nikauliza, kwa sababu neno lile lilikuwa limenitia woga.

"Wapunguziwe. Mzigo."

Akajikunja juu ya karatasi, akaandika mbele yangu, haraka haraka, pua karibu iguse wino. Sikuiona vizuri, na hata kama ningeiona, nani angesoma karatasi ya mkubwa juu chini? Akaipeleka ofisini.

Jumatatu asubuhi tangazo lilikuwa ubaoni, limepigwa taipu: WAFUATAO WAPUNGUZWE KUANZIA LEO. Majina sita. La kwanza Deogratias.

Nilikimbilia kwenye meza yake. Ilikuwa tupu. Kaunta buku hakuna, timazi hakuna. Mlinzi akasema Mpima Migongo kaondoka Jumamosi kwa treni na begi lake. Nikaenda kwa karani aliyepiga taipu, dada mmoja mtaratibu, nikamuuliza kama hakukosea. Alikasirika.

"Mimi napiga kilichoandikwa, siongezi wala sipunguzi," akasema. Alipotambua neno alilotumia, akaangalia pembeni.

Kaka Deo alisoma lile tangazo mara mbili. "Kaniuza," alisema. Kisha akageuka, akawatazama watu wote pale uani mmoja mmoja. "Lakini nani alimwambia?"

Macho yake yalinipita mimi haraka, kama yanavyopita ukuta wa nyumba yako mwenyewe. Yalitua kwa Mama Anjela, kwa sababu ya ulimi wake. Nami nikanyamaza. Namwomba Mungu anisamehe, nilinyamaza. Kaka alihamia kijiji cha Mbingu kwa mjomba, kufukuza ndege shambani na kufuga bata, kazi ambazo kiuno chake kingeziweza. Hakumsalimia tena Mama Anjela. Mama Anjela, ambaye hakujua kosa lake, aliniuliza mara nyingi, "Zita, kaka yako ana nini na mimi?" Nikamwambia ni maumivu tu.

Kwa hiyo kumshuku Mpima Migongo kulinifaa. Kadiri alivyokuwa mbaya, ndivyo mimi nilivyokuwa mdogo ndani ya lile jambo. Niliyakusanya yote: swali la viatu, jukwaa, safari ya Michenga, mlango uliofungwa. Kila alichowahi kunitendea kwa wema nilikigeuza nikatafuta upande wa nyuma.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilishaacha mashine, nina cherehani ya kukodi kwenye kibaraza cha duka moja Ifakara, nashona na kupunguza nguo za watu. Mchana mmoja mzee akaja na suruali mkononi, amekonda, miwani nene. Alinyoosha suruali juu ya meza akasema imekuwa kubwa kiunoni, nimpunguzie. Nilijua sauti kabla sijainua uso.

"Shikamoo, Mpima Migongo."

Alinisogelea, akanitazama usoni. Usoni kabisa. "Zita! Zita wa mwisho wa reli!" Akacheka, akakamata mikono yangu miwili. Alikuwa amekuja kumzika shemeji yake, akasema, na anaondoka kesho. Akauliza habari za watu mmoja mmoja. Kisha akasema, "Na Deo? Bado yuko kwenye mizani?"

Nilidhani ananidhihaki. "Mizani gani, mzee?"

"Niliyomwombea. Ile Jumamosi nililetewa barua kwamba kazi yangu imekwisha, nipande treni ya siku hiyo hiyo. Nikasema hewala, angalau wale sita nimeshawaacha mahali pazuri." Akawataja wote sita, akikunja vidole. Hakukosea hata mmoja.

Nilijiuliza, mtu anaweza kuigiza hivi? Nikaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Nikachukua kipande cha karatasi ya kaki ninayokatia vipimo vya nguo, nikampa chaki yangu ya ushonaji.

"Niandikie ulichoandika siku ile."

"Cha nini?"

"Niandikie tu, baba."

Akainama juu ya meza yangu akaandika upesi, bila kusita, kama mtu anayeweka sahihi yake. Akanigeuzia karatasi kwa fahari.

"Ndivyo hivyo. Soma."

"Soma wewe," nikasema.

Akaweka kidole chini ya maneno. "Wa-fua-ta-o wa-pu-ngu-zi-we."

Nilitazama pale kidole chake kilipopita. Wapunguzwe. Alikuwa amesoma alichokusudia. Macho yangu yalisoma alichoandika. Miaka minne ya kumpeleleza mtu, na jibu lilikuwa herufi moja ambayo mkono wake uliiruka akiwa na haraka ya kututendea mema.

Ningeweza kuikunja ile karatasi. Alikuwa mzee, anaondoka kesho, na nilimpenda. Lakini nilimkumbuka Mama Anjela akiniuliza kaka yako ana nini na mimi, nikachukua chaki, nikaandika irabu iliyokosekana juu kidogo, katikati ya z na w.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akalitazama neno kwa muda mrefu. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, polepole sana.

"Wote sita?" akauliza.

"Wote sita."

"Deo anasemaje?"

"Anasema ulimuuza. Na anamchukia Mama Anjela, anadhani ndiye aliyekwambia." Nikaikunja suruali yake pale mezani. "Hajui kama ni mimi."

Mzee akaitika kwa kichwa. Alikuwa analia bila kujificha, machozi yanapita chini ya miwani. "Basi tuko wawili," akasema.

Mteja mmoja akaja na gauni, nikamwambia arudi kesho kutwa. Lori la Mbingu lilikuwa linapakia watu ng'ambo ya barabara, utingo anaita. Niliifunika cherehani kwa khanga, nikaikunja ile karatasi nikaiweka kwenye mkoba.

"Suruali yako haijapungua," nikamwambia. "Itabidi uishike mkononi mpaka Mbingu."

"Nitaishika," akasema, akanyanyuka.